Kunde za Mama Mkwe Ndani ya Kayamba

Shemeji yangu ni fundi makochi, na mtaa mzima unamwita Kesho. Jina hilo hakupewa na wazazi, alipewa na wateja. Ukimpelekea kiti chako kimebonyea, atakipapasa, atakipindua miguu juu, atavuta hewa kwenye meno kama daktari aliyeona kitu tumboni, halafu atakwambia, "Njoo kesho." Kuna bibi harusi alimpelekea kochi la harusi, akaja kulichukua mtoto wa pili yuko mgongoni. Lakini kazi yake ikitoka imetoka. Ukikaa unapokelewa, na miaka kumi baadaye makalio yako bado yanamshukuru.

Nimemwoa dada yake, kwa hiyo nina ruhusa ya kumsema.

Akiwa kazini hasemi sana, kwa sababu mdomo wake ni kabati la misumari. Anajaza ile midogo ya kubania kitambaa, kama ishirini hivi, anaisukuma mmoja mmoja kwa ulimi, anaudaka kwa vidole, nyundo inafuata. Ukimuuliza kitu anajibu, "Mm." Sisi tuliomzoea tunajua kuna "Mm" ya ndiyo, kuna "Mm" ya hapana, na kuna "Mm" ya sijakusikia ila endelea kuongea. Hiyo ya tatu ndiyo iliyotuletea mambo.

Mama mkwe wake anakaa chumba cha uani, hatua kumi kutoka kwenye karakana. Sasa, kwa watu wa kabila letu, mtu na mama mkwe wake hawaongei uso kwa uso. Ni heshima. Kwa hiyo yule binti aliyezaliwa na mmoja na kuolewa na mwingine ndiye anayepeleka maneno. Mama anasema, "Mwambie huyo bwana gundi yake inaninukia." Kesho yuko pale pale nyuma ya ukuta wa mbao, kasikia mpaka pumzi, lakini anangoja mkewe aje arudie, ndipo ajibu, "Mwambie mama nitafunga mlango." Miaka kumi na tisa. Mkewe akienda kumtembelea ndugu yake siku tatu, nyumba inakuwa kama imekatiwa laini ya simu.

Kila mwaka, kabla mvua za kupandia hazijaanza, tunakuwa na Siku ya Mbegu. Wengi wetu siku hizi ni watu wa mjini. Kuna dereva, kuna karani, kuna mwuza miwani, na jembe wanaliona ukutani kwa jirani. Lakini siku hiyo kila nyumba inatoka na mbegu yake, tunakutana kwenye uwanja nyuma ya mashine ya kusaga, inatandikwa mikeka, kila nyumba inamwaga yake, na ngoma inachezwa kuzunguka mikeka mpaka vumbi linakaa kwenye kope. Baadaye tunagawana, kila mtu anaondoka na konzi moja ya mbegu za mwenzake. Nyumba isiyomwaga mbegu inacheza nje ya duara pamoja na wanaojifunza kutembea.

Anayefungua ngoma ni mama mkwe wa Kesho. Ana kunde nyeusi, ndogo, ngumu kama risasi za manati. Alizipata kwa mama yake, naye kwa mama yake, na hakuna tena mwenye nazo isipokuwa yeye. Si kwamba ni mchoyo. Kila mwaka anatugawia, ila watu wa mjini ukiwapa mbegu wanaibandika jikoni. Yeye huzikausha, huzichanganya na majivu, huzifunga kwenye kopo la maziwa ya unga, na kila mwezi hulitikisa kopo sikioni. Anasema mbegu nzima inajibu.

Na makayamba ya ngoma hiyo anatengeneza Kesho. Anapasua matete, anayapanga tabaka mbili, anayashona kwa uzi wa makochi na ile sindano yake iliyopinda, katikati anajaza punje za kulia. Kila mwaka alikuwa anatumia kunde nyeusi za bei ya chini alizonunua dukani zamani, zimetobolewa na fukusi, anaziweka kwenye kopo juu ya rafu. Kopo la maziwa ya unga. Lile lile, na picha ya ng'ombe yule yule anayecheka. Makayamba yake yalikuwa yanalia kama mtu anafagia uani akiwa amekasirika, na tulishazoea.

Mwaka ninaousema, wiki moja kabla ya Siku ya Mbegu, manyunyu yakaja bila kualikwa na chumba cha mama kikavuja. Mama akachukua kopo lake, akalihamishia chini ya benchi la karakana, mahali pakavu. Akamwita binti yake. "Mwambie huyo bwana kopo lililo chini ya benchi asiliguse."

Binti akaenda. Mumewe alikuwa anabana mgongo wa kochi la watu watatu, nyundo inaenda kama mvua ya mawe. Akasema ujumbe wote, neno kwa neno.

"Mm," akajibu Kesho.

Ilikuwa ya tatu.

Siku mbili baadaye akakaa chini kujaza kayamba, akanyoosha mkono, mkono ukakuta kopo. Akafungua, akaona majivu. Akafurahi sana. Alinieleza mwenyewe kwamba alidhani mkewe amezichambua punje zake, akabakiza nzima na kuziwekea majivu kuzikinga na wadudu, na alijisikia mtu anayependwa. Akachekecha majivu yote, akayamwaga kwenye mtaro nyuma ya karakana, akajaza makayamba kumi na mawili, akashona, na kopo tupu akalitia misumari.

Jioni ya mazoezi tukajua kuna jambo. Mimi ni mpigaji wa tatu kutoka kushoto, na nilipolitikisa langu mara moja nikaliangalia. Mlio ulikuwa safi, mkavu, kama matone ya kwanza kwenye bati. Tulipopiga wote kumi na wawili, kina mama waliokuwa wanapiga soga wakasimama na kuanza kukanyaga bila kuambiwa. Kiongozi wa ngoma, ambaye ana duka la nyama na tunamwita Bucha, akasimamisha watu.

"Kesho, umeyafanya nini haya?"

Kesho akatoa msumari uliokuwa umebaki mdomoni. "Ni unyevu wa matete," akasema. "Tete lazima ulijue tabia."

Kwa siku mbili hatukupumua. Nikienda kununua sabuni namkuta anamweleza mwenye duka tabia za tete. Fundi baiskeli alielezwa. Mteja aliyekuja kuulizia viti vyake alielezwa, akaondoka bila viti ila na elimu.

Asubuhi ya Siku ya Mbegu nikampitia twende wote. Wapigaji wengine walishachukua makayamba yao na kwenda uwanjani. Alibaki na lake moja, yuko kwenye benchi anamalizia kiti cha mtu, misumari mdomoni. Mkewe alikuja kutafuta kopo la mama. Chini ya benchi hakuliona, juu ya rafu akaliona, akadhani mumewe ameliinua lisipate unyevu. Akampelekea mama yake, kisha yeye akakimbilia kwa jirani kumalizia nywele zake, maana zilikuwa zimesukwa upande mmoja.

Mama alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, ameshajifunga nguo yake ya kuchezea, shanga shingoni. Akafungua kopo, akamimina kwenye ungo.

Ukatoka unga kwanza. Halafu punje zenye matundu kama filimbi. Halafu fukusi wenyewe, wanatembea taratibu kama wenye nyumba.

Aliingiza mkono, akaanza kuzigeuza. "Majivu sikuweka ya kutosha," akasema, hamwambii mtu. Akageuza tena. "Mbona mwezi uliopita ziliniitikia." Akavua shanga, akaziweka mapajani. "Basi. Mwambieni Bucha atafute mwingine wa kufungua. Mbegu ya mama imenifia mkononi."

Mimi nilidhani ni msiba wa kawaida wa wadudu, nikawa natafuta neno la pole. Nikamgeukia shemeji yangu. Alikuwa amesimamisha nyundo hewani. Anaangalia kopo la uani, anaangalia kopo la misumari, anaangalia chekecheke lililobaki na weupe wa majivu, mwisho anaangalia kayamba. Niliona habari inamfikia polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

"Shemeji," akanong'ona kwa pembe ya mdomo.

"Nini?"

Akanionyesha kayamba. Akaonyesha uani. Nikaelewa, nikakaa kwenye kochi ambalo halijawekwa sponji, chuma kikanichoma, sikujali.

"Nikinyamaza?" akauliza.

"Ukinyamaza, lawama wanabeba fukusi. Hawana wa kuwatetea."

"Na makayamba yangu yanabaki."

"Yanabaki. Utasifiwa mpaka uzeeke."

Tukatazama uani wote wawili. Mama alikuwa anaokota punje moja moja, anaiinua kwenye mwanga, anaiona tundu, anaiweka pembeni. Alikuwa anatafuta hata moja nzima. Aliokota nyingine. Ina tundu. Nyingine.

Kesho akatema misumari yote kwenye kiganja. Sijawahi kumwona akifanya hivyo kabla ya chakula. Akaimwaga kwenye benchi, akachukua kayamba lake, akatoka nje, akasimama hatua tano kutoka kwa mama mkwe wake huku ameuelekea ukuta, kwa sababu heshima ni heshima.

"Mama," akasema.

Bibi wa watu akageuka nyuma kuangalia ni nani anaitwa.

"Mama, mbegu zako hazijaliwa. Hizo ni zangu, za kayamba."

"Mwambie huyo bwana—" akaanza, akaangalia huku na huku, hakuna wa kuambiwa. Akaniona mimi. Nikajifanya nakagua chuma cha kochi. Ikabidi aseme mwenyewe. "Zangu ziko wapi?"

"Nilidhani ni langu, lile kopo. Niliambiwa, nadhani niliambiwa, lakini nyundo... Nimezijaza kwenye makayamba."

"Ngapi?"

"Zote."

"Na majivu yangu?"

"Niliyachekecha."

"Ukayaweka wapi?"

Hapo Kesho alitamani ukuta umjibie. "Mtaroni."

"Mtaroni," akarudia mama. "Mwezi mzima naomba majivu ya kuni kwa watu, mji huu kila mtu anapikia gesi, natembea na kikombe kama mgonjwa anayeomba dawa, wewe unayamwaga mtaroni." Nikaona kumbe mbegu kaisamehe, ila majivu bado. Akanyoosha mkono. "Lete hicho kitu."

Alilipokea kayamba, akaliweka sikioni, akafumba macho, akatikisa. Akatikisa tena. Mabega yakaanza kumtetemeka na mimi nikasema sasa tumemliza bibi wa watu. Kumbe anacheka.

"Juzi nilisikia mnafanya mazoezi," akasema. "Nikajiuliza, huyu bwana mwaka huu kapata wapi kunde nzuri hivi? Nikamwonea wivu mpaka nikakosa usingizi."

Akavaa shanga zake. Akamwamuru Kesho abebe ungo na mkeka. Tukatoka: mama mbele, mkwe nyuma yake, mimi wa tatu kama shahidi wa kesi. Hiyo ilitosha kusimamisha mtaa. Kinyozi alitoka nje na wembe mkononi, akamwacha mteja wake na nusu ndevu.

"Kesho," akaita, "leo umeamua kuongozana na mama mkwe? Mbingu zitakuangukia."

"Zimeshaniangukia tangu asubuhi," akajibu Kesho. "Kunyoa nitakuja kesho."

Uwanjani watu walishajaa. Mikeka ishatandikwa, mahindi mekundu hapa, mbegu za maboga pale, ulezi kwenye bakuli. Nafasi ya katikati ilikuwa wazi, inamngoja mama. Bucha akaja na usinga wake.

"Mama, mwaga tuanze. Jua linapanda."

"Mbegu zangu zimeshatangulia," akasema mama. "Ziko mikononi mwa vijana wako."

Ilibidi maelezo yatolewe. Kesho aliyatoa akiangalia viatu vyake, na kila sentensi ilipokelewa na kicheko, mpaka alipofika kwenye tabia za tete, hapo watu wakashikana mabega. Fundi baiskeli akamwomba arudie somo. Lakini Bucha hakucheka. Yeye kwenye ngoma ni mtu wa sheria, labda kwa sababu kwenye mizani ya nyama hana sifa hiyo.

"Nyumba isiyomwaga mbegu inacheza nje ya duara," akasema. "Sikuitunga mimi. Na makayamba siwezi kuyapasua sasa hivi, nitapiga ngoma na nini, na midomo?"

"Sawa," akasema mama. "Sisi wa nje tutoke. Na wote waliobeba mbegu za nyumba yangu watoke nao." Akatutazama sisi wapigaji. Mimi nikapiga hatua moja kwenda nje. Wa nne akanifuata. Wa tano, ambaye hata hakuelewa, akafuata kwa sababu huwa ananiiga mimi.

Bucha akaona anabaki na usinga. Akashauriana na wazee wawili kwa kunong'ona, akarudi. "Mama atafungua. Lakini ngoma ikiisha, makayamba yote yafunguliwe hapa hapa, mbegu zimwagwe mkekani mbele ya watu. Likibaki hata moja halijafunguliwa, mwakani anafungua mwingine."

Watu wote wakamgeukia Kesho. Kumi na mawili, bora kuliko yote aliyowahi kushona. "Mm," akasema. Hiyo ilikuwa ya ndiyo.

Sasa nikwambie ile ngoma. Mama aliingia peke yake, mikono nyuma, akakanyaga mara tatu, pole, kama anajaribu udongo umelainika kiasi gani. Sisi tukajibu mara tatu. Akainama, akachovya vidole chini, akainuka, na tukaachia. Mstari wa wanawake ukaingia kutoka kulia, wa wanaume kutoka kushoto, kisigino kinachimba, dole gumba linafukia, mwili mzima unainama na kuinuka kama watu wanaopanda shamba lisilo na mwisho. Karani ambaye ofisini analalamikia mgongo alikuwa anainama kuliko wote. Mke wa Kesho akafika mbio, nywele upande mmoja zimesukwa na mwingine zimesimama, akamwona mama yake katikati na mumewe kando yake ameshika mkeka, akataka kuuliza, miguu ikamkataza, akaingia mstarini. Vumbi likapanda. Makayamba yalikuwa yanalia mpaka mwenye mashine ya kusaga akazima injini asikilize. Na yule bibi, aliyekuwa anavua shanga asubuhi, kila tukitikisa alikuwa anaangalia mikono yetu na kucheka peke yake, maana alijua kinacholia humo ndani ni nini.

Bucha alipoinua usinga juu, tukanyamaza. Kesho akakaa mkekani na kisu chake cha kukatia kitambaa. La kwanza likawekwa mapajani kwake. Akalipapasa. Akaligeuza. Akavuta hewa kwenye meno.

"Hili nadhani," akaanza, "mtu akilipitia vizuri kesho—"

Hakumaliza. Uwanja mzima ulianguka. Bucha mwenyewe alifunika uso na usinga. Kesho akangoja wachoke kucheka, akakata uzi. Kunde zikashuka kwenye ungo wa mama, nyeusi, zinang'aa kwa kusuguana. Akakata la pili, la tatu. Kila moja lilipofunguliwa watu walipiga makofi, na yule aliyekuwa analipiga anaingia mstarini mikono mitupu. Ngoma haikufa. Ilihamia viganjani na miguuni.

La mwisho lilikuwa lake. Alilitikisa mara moja sikioni. Mama alikuwa ameshika ungo chini yake, hamharakishi. Akakata.

Mama akachukua punje moja, akaiuma, akaionyesha watu: nzima. Akamwaga ungo wote katikati ya mkeka, na Bucha akainamisha kichwa kwamba imekubalika. Zikagawiwa. Kesho alikuwa bado amekaa chini na lundo la matete yaliyopasuka.

"Mama," akasema, safari hii hakutafuta ukuta. "Konzi moja tu nizirudishe kwenye kayamba moja. Ule mlio sitaupata tena."

"Sikupi za kayamba."

"Chache tu."

"Nakupa za kupanda. Ukivuna zako, jaza unavyotaka." Akamjazia kiganja, akamfunga vidole.

Mtu huyu alikuwa hajawahi kupanda kitu chochote maishani mwake. Mvua zilipoanza, alichukua kipande cha ardhi kati ya karakana na ukuta, akavuta uzi wa makochi kutoka msumari hadi msumari, akapima kwa futi ya kitambaa, akazifukia moja moja, karibu karibu, kama anavyobana pembe za kochi. Wateja waliambiwa waje kesho, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na sababu. Siku ya tano zikatoka zote. Zote kabisa, mstari umenyooka kama mshono. Aliniita nije nione, akamwita kinyozi, akamwita fundi baiskeli, na nilihofia somo jipya linaanza.

Mama akatokea mlangoni kwake, akaja mwenyewe, hakumtuma mtu. Akatazama mstari kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Akainama, akang'oa mche mmoja. Akaruka mmoja, akang'oa mwingine.

"Mama," akasema Kesho, "hiyo imeota."

"Ndiyo maana naing'oa. Umezibana, zitanyang'anyana udongo."

"Lakini hiyo uliyoshika ni nzuri."

"Nzuri inamzibia nzuri mwenzake. Sogea."

"Basi acha hiyo. Hiyo ya pembeni. Hiyo ndiyo ilitoka ya kwanza kabisa, mama, niliiona mwenyewe."

"Ya kwanza ndiyo yenye kiburi," akasema mama, akaing'oa.

Nikawaacha hapo. Nilipofika barabarani nikageuka: bibi ameinama anang'oa, mkwe yuko nyuma yake na kikombe cha maji, anaokota kila kinachotupwa na kukitumbukiza ndani, na wote wawili wanaongea kwa wakati mmoja.